Kabla Hujamuuliza Mtoto Ripoti Yake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Wiki hii kuna jambo limenikaa kifuani, na kila nikitaka kulinyamazia linanirudia kwenye sijda. Skuli zimefungwa. Watoto wamerudi majumbani na ripoti zao, na mitaa yetu huku Pemba imejaa kelele zao tangu alfajiri. Ni neema, alhamdulillahi. Lakini ndani ya furaha hiyo nimesikia na vilio, na ninajua vinatoka nyumba zipi na kwa sababu gani. Nimejiuliza sana niseme au nikae kimya, kwa kuwa nitakaowaambia ni majirani zangu na wazee wangu, watu tunaosimama safu moja. Mikeka tunayosujudia msikitini imenunuliwa kwa sadaka ya karafuu. Chakula changu, kama chenu, kina mkono wa karafuu ndani yake. Kwa hiyo ninayoyasema nayasema nikiwa mmoja wenu, na Allah ndiye anayejua nia.

Siku ya kufunga skuli niliitwa kufungua kwa dua, kama tunavyoitwa sisi walimu wa chuo cha Qur-ani. Mambo yalikwenda vizuri. Watoto wadogo walisoma kasida, darasa la tano wakaghani utenzi walioutunga pamoja na mwalimu wao, sheha akazungumza, Mwalimu Mkuu akasoma taarifa ya mwaka mzima: madawati yaliyopatikana, vyoo vilivyokwisha, na vilivyobakia kwa kukosa saruji. Darasa la sita wakaagwa, na mama zao wakalia. Zikaja zawadi, madaftari na mabegi, na nyingine naambiwa walimu wamenunua kwa fedha zao wenyewe. Allah awalipe, maana wengi wao wanafundisha asubuhi, na mchana wanaingia tena na watoto wa mkondo wa pili.

Iliyonigusa zaidi ni zawadi ya mahudhurio. Waliitoa kwa mtoto ambaye hakukosa hata siku moja mwaka mzima, naye ni msichana wa darasa la nne anayelelewa na bibi yake. Nyumba yao haina hata mkarafuu mmoja.

Tulipokwisha kugawiwa ripoti, akanijia baba mmoja amemshika mwanawe mkono. Mtoto namjua, anasoma kwangu chuoni, na hifadhi yake ni nzuri. Baba akaniambia, "Maalim, nisaidie kumtia adabu huyu, kashika mkia." Akanipa ripoti. Nikaisoma kutoka juu mpaka chini. Hesabu 22. Sayansi 30. Kiswahili kidogo afadhali. Chini kabisa, kwenye mstari ambao wengi wetu hatuufikishi macho, imeandikwa siku alizokosa: 41. Na pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu wa darasa ameandika: "Ni mtoto mwelewa. Mzazi afike skuli." Nikamtazama mtoto mikono. Kucha zake zote zimeingia weusi wa karafuu.

Sikumpiga. Nilimwomba baba tuzungumze kando, nikamwonesha ule mstari wa chini. Alizijua siku zile zimekwenda wapi, kwa sababu yeye ndiye aliyempa mtoto pakacha na kingoe, kijiti cha kuvutia matawi. Hakubishana nami, na namwombea kheri. Sitaki yeyote aanze kuulizana ni nani, kwani nyumba kama hiyo huku kwetu si moja wala mbili.

Ndugu zangu, tumekuwa tukimwadhibu mtoto kwa dhambi isiyokuwa yake. Msimu ukifunguka tunamtoa darasani. Leo tunamwambia tu akamalize ule mkarafuu wa nyuma, kesho akaokote mpeta, karafuu zilizoanguka chini, keshokutwa abaki kwenye jamvi kwa sababu mawingu ya vuli yamefunga na karafuu zitalowa. Wiki inakwisha, na ya pili inafuata. Mwalimu anaendelea na somo, hawezi kusimamisha darasa zima. Akirudi, mtoto anakuta ubao umejaa mambo ambayo kwake ni kama lugha ya kigeni, anaona haya kuuliza, anakaa nyuma. Disemba inafika, na yule yule aliyemtoa darasani ndiye anayeshika fimbo. Mche ulionyimwa maji na mwenyewe haulaumiwi kwa kukauka.

Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, amesema kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Hadithi hii tunaijua sote, iko kwa Bukhari na Muslim, na tunaisoma kwenye ndoa na kwenye mawaidha. Basi tuielewe inavyotuelekea sisi. Mtoto yule ataulizwa na mwalimu wake. Mimi na wewe tutaulizwa na Mola wake. Zile siku 41 ziko kwenye daftari la mahudhurio hapa duniani, na ziko pia kwenye daftari lisiloacha dogo wala kubwa.

Nataka tukumbuke vita vya Badr, na si upande wa mapanga tuliouzoea. Mwaka wa pili wa Hijra Waislamu walirudi Madina na mateka wapatao 70. Muhajirina walikuwa wameacha nyumba na mali zao Makka, hali ilikuwa ngumu, na fidia ya mateka mmoja iliweza kufika dirham elfu nne. Fedha hizo zilikuwa zinahitajika kweli kweli. Walikuwapo mateka wasiokuwa na cha kulipa lakini wanajua kuandika. Wapokezi wa sira wanatueleza kuwa Mtume alikubali kila mmoja wao afundishe watoto kumi wa Madina kusoma na kuandika, wakishajua vizuri, ndiyo fidia yake, aende zake. Na Zayd bin Thabit, kijana ambaye baadaye alibeba kazi nzito ya kuikusanya Qur-ani, anatajwa kuwa miongoni mwa waliojifunza namna hiyo.

Tulizingatie hili, jamani. Umma ule ulikuwa na njaa, ukakubali kuacha fedha ili watoto wapate kusoma. Walimu wenyewe walikuwa makafiri, maadui wa jana. Sisi leo walimu ni ndugu zetu Waislamu, skuli iko hatua chache kutoka nyumbani, na tangu tarehe 23 Septemba 1964 ilipotangazwa elimu bila malipo hapa Zanzibar wazee wetu waliacha kuhangaika na ada. Mlango umefunguliwa. Sisi ndio tunaomshika mtoto mkono tukamtoa nje, na tunachokipata badala yake ni pishi chache za karafuu!

Najua mtakaloniambia. Mtasema karafuu ndiyo maisha ya Pemba, na ni kweli. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo mzigo mkubwa wa zao hili umebebwa na kisiwa chetu. Babu zetu wamehiji kwa karafuu, wameoa na kuzikana kwa karafuu. Na kumfundisha mtoto kazi ni katika malezi mema. Mtoto akirudi skuli mchana akasaidia kuchambua, au Jumamosi akaenda shambani na baba yake, hilo silipingi, nami nimekulia humo humo. Ninalolisema ni ile saa ya skuli. Saa ile ni haki ya mtoto, na haki ya mtu haichukuliwi kwa sababu mwenye haki ni mdogo na hawezi kusema.

Wako pia wenye dhiki ya kweli. Mjane mwenye watoto watano, ambaye msimu usipomnufaisha hana pa kushika mpaka mwaka mwengine. Huyu simkemei, wallahi. Hukumu ya mtoto wake inatuelekea sisi wengine.

Na hapa niseme na wenye mashamba, wazee wangu, na mnivumilie. Mtoto wa watu anafika shambani kwako saa tatu asubuhi, siku ya Jumatatu. Unajua umri wake, unamjua mama yake, unajua kengele imeshalia. Unampa pakacha na kumwonesha tawi. Tena wengine wanawapenda watoto kwa sababu ni wepesi, wanafika kwenye vitawi vya juu visivyombeba mtu mzima, na kila msimu tunasikia aliyeanguka na kuvunjika. Jioni unampimia, unampa chake, unasema umemsaidia. Umemsaidia nini? Kama ulitaka kumsaidia, ungempelekea mama yake kilo mbili za mchele ukamwambia mtoto aende skuli, shamba atakuja Jumamosi. Allah amesema katika Suratul Israa tusiwaue watoto wetu kwa kuogopa umasikini, Yeye ndiye anayewaruzuku wao na sisi. Hatuwaui, alhamdulillahi. Lakini hofu ile ile inayotajwa katika aya ndiyo inayotufanya tukate mustakbali wa mtoto kwa ajili ya chakula cha wiki moja, na mwenye shamba ananufaika na hofu hiyo. Muogopeni Allah katika watoto wa wanyonge. Semeni mwaka huu unaokuja: kwenye shamba langu mtoto wa skuli haingii saa za skuli. Wakisema wenye mashamba kumi tu katika shehia, jambo limekwisha, bila ya askari wala sheria.

Na watoto wa kike tusiwasahau. Wao mara nyingi hawapandi mkarafuu, kwa hiyo tunajiona tumewahurumia. Lakini nani anabaki nyumbani kuwapikia wachumaji? Nani anakesha kuchambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, mpaka usiku, asubuhi anasinzia kwenye dawati? Sahaba Bashir alipompa mwanawe Nu'man zawadi akataka Mtume awe shahidi, aliulizwa kama watoto wake wote amewapa mfano wake. Aliposema hapana, akaambiwa amche Allah na afanye uadilifu baina ya watoto wake, akarudi akaiondoa ile zawadi. Kama uadilifu unatakiwa kwenye zawadi, vipi kuhusu muda wa kusoma?

Kina baba, jengine moja. Kwenye mkutano ule wa kufunga skuli, mabuibui yalijaa ukumbi, na wanaume tungeweza kuhesabika kwa vidole. Barza siku hiyo zilikuwa zimejaa. Mwalimu anaandika "mzazi afike skuli", karatasi inakaa juu ya kabati mpaka inaliwa na mende. Nendeni. Januari zikifunguliwa tu, nenda na mwanao mpaka mlangoni mwa darasa, umpe mwalimu salamu, umuulize mtoto wako anakaa wapi na amekwama wapi. Mtume alikuwa anarefusha sijda kwa sababu mjukuu wake yuko mgongoni. Wewe huwezi kutoa asubuhi moja?

Kuhusu fimbo sitasema mengi. Tunapenda kutaja samaki akunjwe angali mbichi, lakini Anas alimtumikia Mtume miaka kumi tangu utotoni mwake, na anasema hakuwahi hata kuambiwa "akh", wala kuulizwa kwa nini umefanya hili au kwa nini hukufanya lile. Mtume ndiye mfano wetu katika malezi, hatuna mwengine. Na kumtaja mtoto mbele ya wenziwe kuwa ni mjinga, au kumpa jina la kuchekesha kwa sababu ameshika mkia, Suratul Hujurat imeshalikataza.

Likizo hii, kwa hiyo, mwenye mtoto aliyekosa masomo aanze na daftari. Mtafute kijana wa mtaani aliyemaliza kidato cha nne, mwombe saa moja kila baada ya laasiri, umpe chochote ulichojaaliwa. Chuoni kwangu nitaacha nafasi baada ya magharibi kwa watoto wanaotaka kusoma hesabu, na vijana wawili wameshaniahidi kuja kufundisha. Karafuu zilizobakia mitini zichumwe sasa, skuli zimefungwa na hakuna anayedhulumiwa, ila vile vitawi vya juu tuwaachie watu wazima.

Watoto wetu wa darasa la nne na la sita wanasubiri matokeo ya Baraza la Mitihani. Tuwaombee. Allahumma wafungulie vifua vyao, wape elimu yenye manufaa, walipe walimu wao kwa kila herufi waliyoifundisha, na usitufanye sisi wazazi kuwa pazia baina yao na kheri Uliyowaandikia. Atakayechaguliwa kwenda michipuo, madarasa ya waliofaulu vizuri zaidi, tumpongeze, na ambaye hakuchaguliwa apokelewe nyumbani kwa uso ule ule.

Wenye sare ambazo watoto wamezipita kimo, au viatu na mabegi yanayofaa, wayalete msikitini Ijumaa baada ya sala, yafuliwe kwanza. Kuna watoto ambao Januari wanachelewa kurudi kwa kukosa shati tu. Mama zetu wa darsa la Jumatano wamekubali kuyashona yaliyochanika, na yule bibi wa mtoto aliyepata zawadi ya mahudhurio amesema ataleta cherehani yake.