Kilo 87 na boti ya mtumba

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Uyole, Mbeya. Nimetengeneza vitanda, milango na makabati miaka yote, lakini boti sikuwahi kuigusa hadi mwaka juzi, binti yangu na mpwa wangu waliporudi kutoka likizo kwa dada yangu Dar es Salaam. Huko walikuwa wamefundishwa kuendesha Optimist, kile kiboti cha tanga cha mtoto mmoja chenye urefu wa mita 2.3. Wakarudi na wimbo mmoja tu: sasa tunataka ya watu wawili, ya kushindania. Wafanyie mazoezi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa bibi yao, kisha Desemba wakashindane Dar.

Nikawaambia sawa, ila kwanza mpande kwenye mizani.

Jirani yangu ana stoo ya viazi, mizani yake haidanganyi. Binti kilo 41, mpwa kilo 46. Nikaandika 87 kwa penseli kwenye kipande cha plaiwudi, nikakitundika juu ya meza ya kupigia randa. Namba hiyo ndiyo iliyoniokoa baadaye, maana kila muuzaji niliyempigia simu aliniambia habari za urembo, mwaka na rangi, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza watoto wana uzito gani.

Boti ndogo ya mashindano haina uzito chini wa kuizuia isipinduke kama jahazi linavyowekewa mawe. Uzito ni wenu wenyewe mliokaa ukingoni, mkiegemea nje upande wa joshi, yaani upepo unakotoka. Tanga likiwazidi nguvu, inabidi mlegeze kamba, upepo upite bure, na mwendo unakufa. Kwenye upepo mdogo mtoto mwepesi anapeta. Lakini Matema si mahali pa upepo mdogo siku zote. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilometa 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na sisi tuko kwenye ncha ya kaskazini. Kati ya Mei na Agosti, upepo wa kusini-mashariki, ule ambao upande wa Malawi wanauita mwera, ukishika kasi, mawimbi yanakuja kwetu yakiwa yamekua njia nzima.

Nikashuka Dar. Dada yangu alinitafutia mzee mmoja aliyekulia kwenye mashua huko Bagamoyo, akakubali kunisindikiza kwa nauli na chakula cha mchana. Tulikagua boti tatu kwa siku mbili.

Ya kwanza ilikuwa Enterprise, boti ya Kiingereza iliyochorwa mwaka 1956, mita 4.04, matanga ya buluu. Nzuri, pana, lakini mwili peke yake ni zaidi ya kilo 90, na matanga yake ni mita za mraba zaidi ya 10. Watoto wangu wasingeweza hata kuivuta mchangani. Tukaiacha bila kukaa sana.

Ya pili ndiyo iliyotaka kunila pesa. Ilikuwa 420, ya fibaglasi, mchoro wa Mfaransa Christian Maury. Jina lake ni urefu wake kwa sentimeta. Ina tanga la tatu la puto kwa ajili ya kwenda na upepo, na waya kutoka mlingotini ambao msaidizi anajifunga kiunoni na kusimama nje ya boti. Vijana duniani kote wanashindania boti hii kabla ya kupanda kwenye 470 ya Olimpiki. Dalali aliona macho yangu. Akasema, "Kaka, chukua hii. Watoto wanakua."

Maneno hayo nayajua. Ndiyo tunayosema sote mwezi wa Januari tukinunua sare za shule: sweta la saizi mbili mbele, mikono imekunjwa, atakua nalo. Lakini sweta kubwa halimzamishi mtoto. 420 inawataka wawili wenye jumla ya kilo kama 110 hadi 145. Wangu walikuwa 87. Miaka miwili ya kukua maana yake ni miaka miwili ya kupinduka na kuichukia boti.

Hata hivyo niliipima, kwa kuwa nilitaka kujifunza. Mwili wa 420 unatakiwa uwe kilo 80. Tulitoa mlingoti na usukani, tukautundika mwili kwenye mizani ya mnyororo, ikasoma 97. Mzee akacheka kidogo. Akapiga sakafu kwa kiungo cha kidole kuanzia omo, yaani mbele, kwenda tezi, nyuma: ko, ko, ko, kisha karibu na kisima cha ubao wa katikati, ule unaoshushwa majini chini ya boti, ikawa pu, pu. Maji yalikuwa yamenyonywa ndani ya kuta, na tabaka za fibaglasi zimeachana. Ukikanyaga hapo kwa kisigino, sakafu inabonyea kama godoro. Kilo 17 za maji unazibeba kwenye kila mashindano bila kuziona.

Ya tatu ilikuwa Mirror, na nitasema ukweli, haivutii. Pua imekatwa bapa kama sanduku. Binti yangu alipotumiwa picha alijibu neno moja tu: "Baba!" Ilichorwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Jack Holt, yuleyule wa Enterprise, pamoja na Barry Bucknell, ili mtu wa kawaida aweze kuijenga nyumbani. Gazeti la Daily Mirror la Uingereza ndilo lililoitangaza, jina na matanga mekundu vikatoka huko. Urefu mita 3.3, mwili kilo 45 na nusu, matanga mawili ya kawaida mita za mraba 6 na kitu. Kilo 87 hapo zinatosha.

Na jambo la kunifurahisha mimi binafsi: ni plaiwudi. Vipande vinashonwa kwa waya wa shaba kama mtu anavyoshona kikapu, kisha maungio yanafungwa kwa utepe wa fibaglasi na gundi. Mlingoti ni mfupi, na juu yake inapandishwa boriti nyingine inayobeba tanga, kwa hiyo vyote vinaingia ndani ya boti wakati wa kusafiri.

Hapa sasa nilikuwa kwenye fani yangu. Nilichukua bisibisi nyembamba nikachokoa taratibu pembe zote ambako maji hulala: nyuma kwenye ubao wa usukani, chini ya mguu wa mlingoti, kando ya kisima cha ubao. Mbao nzima inakataa bisibisi, iliyooza inaikaribisha. Nilipata sehemu moja laini ya ukubwa wa sarafu, nikapunguziwa bei. Waya za kushikilia mlingoti nilizipitishia kitambaa cha pamba, na palipokatika uzi mmoja kitambaa kikanasa. Matanga mzee aliyakunja karibu na sikio. Tanga zuri linalia kama kanga mpya yenye wanga. La kwetu dogo lililia, kubwa lilikuwa limenyamaza, limevutika kama shati la kazi. Bado linafaa kwa mazoezi.

Kosa langu likawa kwenye matangi ya hewa. Mirror inayo mbele, nyuma na pembeni kote kuwili, ndiyo yanayoifanya ielee ikipinduka. Mzee aliniambia: tia hewa kwa mdomo au pampu ndogo, usitumie kompresa itapasua maungio, kisha pakaza maji ya sabuni uangalie mapovu. Tulipima la mbele na la nyuma. Muuzaji akaanza kutazama saa, nikaona haya, nikalipa.

Nilitoa milioni moja na laki sita. Boti ilipanda Fuso lililokuwa limeshusha viazi Dar, likirudi Mbeya na marobota ya nguo. Ikalazwa kifudifudi juu ya marobota, boti ya mtumba juu ya mitumba, ikafunikwa turubai. Zaidi ya kilometa 800, na pale kwenye kona za mlima Kitonga nilikuwa nimefumba macho. Ilifika na mkwaruzo mmoja.

Uyole nilikata ile sehemu iliyooza nikaweka kiraka cha plaiwudi, nikafunga kwa epoksi. Boriti ya chini ya tanga ilikuwa na ufa, nikachonga mpya kwa mbao ya paini kutoka Mafinga, niliyoichagua kwa kuitazama nyuzi moja moja hadi mwenye duka akachoka.

Siku ya kwanza Matema ilikuwa Jumamosi, siku ya soko la Lyulilo, kwa hiyo tulikuwa na watazamaji. Akina mama wenye vyungu vya Ikombe walisimama, wavuvi wakakaa juu ya mitumbwi yao. Watoto walienda bisho, yaani kuukabili upepo kwa mshazari, vizuri, wakageuka, kisha upepo ukashuka ghafla kutoka Milima ya Livingstone, boti ikalala. Hilo tulilitegemea. Jaketi za kujiokoa walikuwa nazo, na nilikuwa kwenye mtumbwi wa injini hatua chache tu. Binti akapanda juu ya ule ubao wa katikati, akavuta, ikainuka. Lakini iliinuka imeegemea kushoto kama bata aliyepigwa jiwe. Tangi la kushoto lilikuwa limejaa maji.

Mvuvi mmoja mzee akaniuliza, "Baba, hii uliipima?" Nikasema niliipima. Akasema, "Yote?"

Jumapili asubuhi tulipuliza, tukapaka sabuni, na mapovu yakatoka kwenye mshono wa chini, urefu wa kiganja. Kwa msasa, utepe na epoksi ilikuwa kazi ya siku moja. Ningeweza kuiona Dar kwa dakika 10.

Desemba tulienda. Boti za aina mbalimbali hushindana pamoja kwa namba: muda wako unazidishwa kwa 1000, unagawanywa kwa namba ya aina ya boti yako, kubwa kwa boti ya mwendo wa polepole. Mirror iko karibu 1390, 420 karibu 1110. Kwa hiyo sisi tukitumia dakika 60, 420 inatakiwa imalize kwa 48 ili tulingane. Siku ya upepo mkali, 420 moja yenye watoto wembamba kama wetu ilipinduka mara tatu, na sanduku letu lenye pua bapa likapita likijikokota. Siku ya upepo hafifu tulishika mkia, na tanga lile lililonyamaza lilichangia.

Mwezi uliopita waliingia tena kwenye stoo ya viazi: 49 na 55. Nimefuta 87 kwenye kile kipande, nimeandika 104. Mpwa wangu anajua 420 inaanzia 110, na tangu hapo kila jioni anaomba sahani ya pili ya wali. "Mjomba," ananiambia, "bado kilo sita."