Nilivyoielewa "get" baada ya kunisumbua miezi sita huku York

Wadau habari zenu. Naandika hii kwa sababu juzi mdogo wangu wa Tanga amenitumia voisi analalamika kwamba mwalimu wake wa kozi amempa misemo mia mbili ya "get" aikariri kabla ya intavyuu, na mi nikapandwa na hasira kabisa, maana ushauri huo huo ndo ulinipotezea miezi sita ya maisha yangu. Nimemjibu kwa voisi ndefu, alafu nikaona bora niiweke kwa maandishi na wengine waisome.

Mimi nafanya kazi ya kea kwenye nyumba ya wazee York, kaskazini mwa Uingereza. Kiingereza sikuja kukianzia huku, cheti cha mtihani ninacho na shuleni insha zangu zilikuwa zinasomwa mbele ya darasa. Maneno makubwa makubwa hayajawahi kunitisha. Kilichonitoa jasho ni kineno cha herufi tatu ambacho niliambiwa tangu fomu wani kwamba maana yake ni "kupata", basi, andika, tuendelee.

Sasa wiki yangu ya pili, zamu ya asubuhi, dada aliyekuwa msimamizi wetu kaniachia bibi mmoja wa chumba cha mwisho, anaongea huku anatembea: "Get her up, get her dressed, get some tea down her, and get me before you get off." Akapotelea kwenye korido. Hesabuni wenyewe hizo "get" ni ngapi. Tano! Kwenye sentensi moja, na hakuna hata moja ambayo ni kupata. Na mjue watu wa Yorkshire hawaitamki hivyo nilivyoiandika, ile t ikifuatwa na irabu inageuka r, kwahiyo masikio yangu yalisikia "gerrup", "gerroff", nikadhani labda ni majina ya vitu fulani vya pale kazini.

Kumwinua na kumvalisha bibi nilikisia, asubuhi ile kila mtu ndo alikuwa anafanya hivyo. Kwenye chai ndo palinishinda. Nilishika "tea" na "down", na "get" si ni kupata, kwahiyo nikaelewa apate chai, chini. Nikamletea, nikaiweka kwenye kimeza kifupi cha pembeni ya kiti chake, tena kwa uangalifu isimwagike, nikaenda kwa mwingine. Saa nne msimamizi anarudi anakuta kikombe kimejaa, chai ya baridi imeshaota utando juu, bibi midomo imemkauka na kwenye karatasi ya kuandikia vinywaji hamna kitu. Yule bibi hawezi kunyanyua kikombe mwenyewe. Nilichoambiwa kumbe ni nimnyweshe, nihakikishe chai inashuka tumboni. Alafu na msimamizi mwenyewe sikumuita kabla ya kutoka, maana "get me" sikuielewa kabisa, nimpate vipi na yupo hapo hapo jengoni?

Sikufukuzwa, ila usiku ule sikulala. Mzee wa watu kakaa na kiu masaa mawili na chai iko pembeni yake, kisa mimi sijaelewa neno la darasa la kwanza. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Basi nikaomba ushauri. Kaka mmoja aliyetutangulia huku miaka mingi akasema hamna njia nyingine, kariri. Nikanunua daftari, nikanunua na kitabu cha misemo kwenye duka la vitu vya mtumba, pauni tatu nne hivi, na kozi moja ya mtandaoni iliyonilamba kama arobaini na kitu. Nikaandika misemo 140, nakariri kwenye basi kwenda na kurudi. "Get off", shuka kwenye gari. "Get over", pona. "Get by", sukuma siku. "Get away", toroka. Nilikuwa nayo kichwani yote kwa mpangilio, ukiniamsha usiku nakutajia.

Ikafika asubuhi ya makabidhiano, nesi wa usiku anasema babu wa chumba cha tatu "couldn't get off last night". Daftari langu linasema "get off" ni kushuka. Nikaenda mbio kwa babu nikakagua kitanda, kile chuma cha pembeni, slipazi, nikamuuliza kama magoti yanamuuma akitaka kushuka. Babu ananiangalia tu kwa macho mekundu. Kumbe nesi alimaanisha hajapata usingizi. Na siku hiyo hiyo mchana mtu ananiuliza "what time do you get off?", sasa hapo ni kutoka kazini. Na kwenye basi ni kushuka kweli. Na ukimshika mtu asiyetaka kushikwa anakwambia "gerroff!", yaani niachie. Msemo mmoja, maana nne, na daftari langu lina moja tu. Siku ile nililifunga sijalifungua tena.

Msaada ulitoka kwa babu huyo huyo wa chumba cha tatu. Alikuwa mwalimu wa historia enzi zake, na siku nimemwambia hilo neno linanitesa aliniambia kitu ambacho shule nzima sikuwahi kukisikia, kwamba hata Waingereza neno hilo waliletewa, na wageni waliotua na silaha mkononi.

Iko hivi. Mwaka 866 Waviking, watu wa Skandinavia, waliuteka mji huu wa York. Wakauita Jórvík, na walikaa na wafalme wao hapa, kwa kupokezana na Waingereza, mpaka mfalme wao wa mwisho alipofukuzwa mwaka 954. Lakini watu wao wa kawaida hawakuondoka, walishaoa, walishalima, wakabaki. Mpaka leo mitaa ya katikati ya mji inaitwa Coppergate, Stonegate, Micklegate, na hiyo "gate" siyo geti la kuingilia, ni neno lao la njia. Pale Coppergate walichimba kuanzia 1976 hadi 1981 wakakuta nyumba, viatu, vitana, na mwaka 1984 wakafungua makumbusho juu ya pale pale. Siku yangu ya ofu nikaenda, kiingilio kama pauni ishirini hivi, na niliona imelipa.

Hao Waviking walikuwa na kitenzi "geta", maana yake kupata, kushika, na pia kuzaa mtoto, na pia kubahatisha jibu. Waingereza wa zamani na wao walikuwa na ndugu yake ila aliishi ndani ya maneno marefu tu, mfano "forgietan", ambalo ndo "forget" ya leo. Ukilifumua unakuta ni kuponyokwa, ulikishika kitu kichwani kikakuponyoka, na hata sisi si tunasema mtoto kashika masomo? Tena Waingereza hiyo g walikuwa wanaitamka laini kama y. G ngumu ya "get" na ya "give" ni matamshi ya Waviking. Ukiacha hizo, waliwaachia "take", "they", "egg", "knife", "window", "husband", yaani huwezi kupika wala kuolewa kwa Kiingereza bila kukopa kwa Waviking.

Na jamani msifikiri wenyewe walielewana. William Caxton, yule aliyeleta uchapaji wa vitabu Uingereza, aliandika mwaka 1490 kisa cha mfanyabiashara aliyeshuka melini pale Kent akaomba "egges". Mama wa nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa! Kule kusini mayai walikuwa wanaita "eyren". Mwingereza na Mwingereza, ndani ya nchi moja, wanashindwa kuuziana mayai. Mi nilipoambiwa hicho kisa nilipata nguvu sana.

Sasa babu akanieleza neno lilivyotembea. Lilianza na kushika kitu mkononi. Ukishakishika kitu umekifikia, kwahiyo likawa pia kufika mahali. Ukishafika mahali ambapo hukuwepo umebadilika hali, kwahiyo kufika miaka ya 1600 likawa pia la kugeuka kuwa kitu fulani. Nikamwambia subiri kwanza babu, hii safari mbona naijua? Maana "pata" yetu na yenyewe imetembea. Unamkimbilia mtu njiani ukampata, huko si ndo kumfikia. Yapata saa tatu, yaani saa imekaribia kufika hapo. Sijapata kuona, yaani haijawahi kunifikia. Kisu kinapata, yaani kikali. Jua limepatwa. Akapata mimba. Tena "unanipata?" ya mtaani ndo "do you get me?" yao hasa. Mzee wa watu alicheka akapiga makofi, nikamwandikia zote kwenye karatasi, akaibandika ukutani karibu na picha ya mkewe.

Alafu kuna jambo la "gotten", umbo la "get" kwa jambo lililokwisha kutendeka. Kuna mtu alinisahihisha mbele za watu eti hilo ni kosa la Wamarekani. Sio kweli! Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, iliyotafsiriwa hapa hapa Uingereza, Hawa anasema "I have gotten a man", na Biblia yetu Mwanzo 4:1 inasema "Nimepata mtoto mwanamume". Neno lilikuwa lao, Wamarekani wakaondoka nalo wakalitunza, huku likafifia. Ukiwa York usiliseme kama hutaki kuangaliwa, lakini asikudanganye mtu kwamba ni kosa.

Ujanja wenyewe niliugundua nikiwa nakunja mashuka, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Nilijirudishia ile amri ya siku ile, safari hii nikajiuliza, angekuwa mama yangu ndo ananituma angesemaje? Angesema: mwinue, mvalishe, mnyweshe chai, alafu niite kabla hujatoka. Nikasimama na shuka mkononi. "Get" iko wapi hapo? Imeenda kwenye mkia wa kitenzi! Vaa, valisha. Nywa, nywesha. Kiingereza hakina mikia kama yetu, kwahiyo kazi ambayo sisi tunaifanya kwa kuongeza silabi moja mwishoni, wenzetu wanamtwisha "get" aibebe.

Kuanzia hapo nikaacha kabisa kutafsiri "get". Nasikiliza kinachoifuata, natafuta kitenzi cha Kiswahili na mkia wake. Ikifuatwa na mtu alafu kitendo, huyo mtu anafanyishwa, natafuta -sha: "get him to eat" ni mlishe, "get them to laugh" ni wachekeshe. Ikifuatwa na hali ya kuharibikiwa, natafuta -ka: "get broken" vunjika, "get torn" chanika. Ikiwa watu wawili kwa wawili, ni -ana: "get along" elewana, "get together" kutana, "get to know each other" juana. Ikifuatwa na sifa, basi hali inabadilika taratibu, na sisi mara nyingi tuna kitenzi kizima cha kazi hiyo: "getting old" anazeeka, "getting thin" anakonda, "getting fat" ananenepa. Ikifuatwa na kineno cha mahali, mtu anasogea, angalia tu anaelekea wapi, panda, shuka, ingia, toka. Na ikifuatwa na kitu cha kawaida, letter, money, job, ndo hapo yule mwalimu wa fomu wani alikuwa sahihi, ni kupata, au kwenda kukileta.

Mkia usipokubali usilazimishe. "I've got two children" ni ninao wawili, na "I've got to go" ni inabidi niende, hizo mbili zizoee hivyo hivyo. "Get your own back", kulipiza kisasi, niliikariri kavu. Ila kutoka misemo 140 zilizobaki za kukariri hazifiki hata kumi na tano. Na ile ya babu kukosa usingizi? Kitu kinaachia, mtu anaachia mwili usingizi unamchukua. Ukiwaza hivyo, kushuka kwenye basi, kutoka kazini na "niachie" vyote vinakaa mahali pamoja.

Nimemfundisha dada mmoja wa Mombasa aliyeanza kazi mwezi uliopita, kwake tumetumia jioni moja na chapati. Huyo Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, kwahiyo mikia alikuwa ananitajia kabla sijamaliza sentensi.

Babu wa chumba cha tatu alifariki Januari, baada ya kuugua wiki mbili. Usiku wa mwisho nilikuwa zamu, nikambadilishia mto, nikamnywesha maji kwa kijiko, na alikuwa bado anasikia. Saa moja kasoro msimamizi, dada yule yule wa chai, akaja mlangoni akaniona nimekaa hapo na akajua nimekaa muda mrefu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Get yourself home, love, it's getting icy out there." Nikaaga, nikavaa koti. Nilishafika kituo cha basi, barafu inalia chini ya viatu, ndo nikagundua kwamba zilikuwa mbili na sikuhesabu.