Jinsi nilivyoacha kuangusha droni

Droni ninazorusha ni mbili. Ya kwanza nimeiunda kwenye fremu ya milimita 450: mota za ukubwa wa 2212 zenye 920 KV (mizunguko 920 kwa dakika kwa kila volti), propela za inchi 10, betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli tatu, na bodi ya kuongoza droni inayoendeshwa na programu ya ArduPilot. Ya pili ni ya dukani, ile ndogo ya gramu 249. Zote zina mota nne, na mota nne maana yake hakuna ya akiba. Moja ikizima, droni inapinduka na kuja chini, hata kama imeshika satelaiti 20. Yenye mota sita angalau huweza kujikokota hadi ardhini.

Nilianza kwa kuhesabu vitu vinavyoweza kuachia. Kwenye ile ya kuunda, kila mkono una lehemu mbili za ESC (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota) kwenye bamba la kugawa umeme, plagi tatu za mota, skrubu nne na nati moja ya propela. Ukizidisha kwa mikono minne unapata 40, na betri bado hujaigusa.

Lehemu ndiyo ilinishinda kwa muda mrefu kuliko yote. Bamba lina shaba pana inayokunywa joto, kwa hiyo pasi ya kulehemu ya wati 30 inayeyusha lehemu juu juu tu bila kuishikisha chini. Kwa macho inaonekana imekaa; baada ya safari kadhaa mtetemo unaipasua. Sasa natumia wati 60 na lehemu ya 60/40 (bati 60, risasi 40). Napaka waya peke yake, napaka bamba peke yake, kisha naviunganisha na kuvishika bila kutikisa hadi vipoe. Ikitoka yenye chembechembe, imefubaa kama majivu, naiyeyusha upya. Halafu navuta waya kwa nguvu. Ikikubali kung'oka, heri ing'okee mezani.

Skrubu za mota ni M3, na kosa lake ni urefu. Ikizidi milimita moja au mbili, ncha yake inakwangua nyaya za shaba ndani ya mota. Mota itazunguka vizuri tu siku hiyo, kisha itapata shoti ikipata joto angani. Kabla sijaunganisha chochote naweka mita ya umeme kwenye mlio, ncha moja kwenye waya wa mota na nyingine kwenye kitako chake cha chuma. Ikilia, skrubu ni ndefu. Gundi ya skrubu natumia ya bluu, tone moja, na siiruhusu iguse plastiki kwa sababu huipasua taratibu.

Propela yenye jino hata dogo ukingoni siitengenezi, naitupa. Watu huogopa kwamba itavunjika. Mimi naogopa zaidi mtetemo. Vihisi vya mwendo vikitikiswa kupita kiasi, bodi inakosea hesabu ya kimo, na droni inaweza kupaa yenyewe huku wewe umeshusha kijiti. Kila nikibadilisha propela au mota, naining'iniza hewani dakika mbili, naishusha, nafungua logi, yaani kumbukumbu ya safari iliyoandikwa na bodi, na kutazama mistari ya VIBE, ile ya mtetemo. Chini ya 30 naendelea na kazi. Juu ya 30 natafuta chanzo. Ikifika 60 hairuki tena hadi ipone.

Hiyo logi ndiyo iliyonitoa kwenye ubishi wa "droni imepata wazimu". Ikianguka, naangalia amri zilizotumwa kwa mota, zimeandikwa RCOU. Mota moja ikiwa imeamriwa hadi mwisho na droni bado ililalia upande huohuo, basi kilichokufa kiko kwenye mkono ule: propela, mota, ESC au lehemu. Zote nne zikiwa zimepanda pamoja huku volti zikishuka, ni betri. Logi ikikatika ghafla wakati kimo bado ni mita 15, umeme ulikatika kwenye bodi. Na jozi moja ya mota za mshazari ikifanya kazi kuliko jozi nyingine hata katika safari ya amani, kuna mota iliyokaa upande kwenye mkono wake. Inyooshe kabla haijakuomba zaidi.

Betri za lipo zina kanuni chache. Seli ikijaa ni volti 4.2. Kuihifadhi ni 3.8, na huku Pwani kuacha betri imejaa ndani ya gari juani ndiyo njia ya haraka ya kuivimbisha. Natua seli zikikaribia 3.6, maana kutoka hapo kuporomoka kwake ni kwa ghafla. Baada ya kutua nikikuta seli zimepishana zaidi ya volti 0.1, betri hiyo inabaki ya majaribio ya chini. Kwenye droni ya dukani, betri iliyovimba ina ubaya wa ziada: haizami vizuri kwenye nafasi yake, kibanio kinashika nusu, na inaweza kuchomoka angani. Naibonyeza hadi nisikie mlio, kisha naivuta kuihakikisha.

Picha za harusi hupendwa sana kutoka juu ya ghorofa, na dari la zege ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kurushia. Ndani ya zege kuna nondo, na nondo zinavuta dira. Droni inawaka ikiamini inatazama kaskazini, kumbe imepinda nyuzi 40. Ikipanda mita tatu mvuto wa nondo unapungua, na dira inasema jambo jingine. Hapo kila ikijisahihisha inajisukuma upande usio sahihi, na inaanza kuchora duara linalozidi kupanuka. Programu ikikuomba usawazishe dira ukiwa juu ya zege, usikubali, hama mahali. Mimi nalinganisha mshale wa droni kwenye ramani ya simu na upande inakotazama kweli, nasubiri alama ya nyumbani iandikwe, kisha naiacha itulie mita mbili kwa sekunde 20. Ikianza duara, naishusha. Ile ya ArduPilot naitoa kwenye hali ya GPS na kuirusha kwa macho.

Upepo ni hesabu, na wengi hawaifanyi. Droni yenye uwezo wa mita 10 kwa sekunde, kusi ikivuma kwa mita 7: ukienda nao unatembea mita 17 kwa sekunde, kilomita moja inaisha ndani ya dakika. Kurudi unabaki na mita 3, yaani dakika tano na nusu kwa kilomita ileile. Kwa hiyo naanza kwa kwenda kinyume cha upepo. Nikishikwa nao nje, nashuka chini ambako upepo ni mdogo, naweka hali ya kasi, na sisubiri kitufe cha kurudi nyumbani kinifanyie.

Kitufe hicho kwanza hupandisha droni hadi kimo ulichoweka, kisha huivuta moja kwa moja. Ile ndogo yangu haina macho ya mbele. Natazama mnazi mrefu, mnara wa simu na wa msikiti, naongeza mita 15. Ukirushia kwenye mashua, kumbuka alama ya nyumbani inabaki pale mlipokuwa. Mashua ikishasogea, droni itarudi kutua majini. Kamera ya tumbo nayo hudanganywa na mawimbi, kwa hiyo sishuki chini ya mita tatu juu ya bahari.

Kunguru wakija, pandisha juu kwa nguvu zote. Kupaa wima huwachosha. Kushuka usifanye hivyo: ukishuka wima kwa kasi, propela zinaingia kwenye hewa zilizoichafua zenyewe, droni inayumba na kuanguka kama jiwe. Shuka ukisogea mbele.

Nikitoka ufukweni nazungusha kila mota kwa kidole karibu na sikio. Ikikwaruza, napuliza mchanga kwa pampu ya mkono. Ule mweusi hushikwa na sumaku, huo nauvuta kwa utepe wa gundi. Ikiendelea kukwaruza, beringi zimekula chumvi na mota inabadilishwa.