Mteja alitoka mbio na nusu ya kichwa

Naendesha kinyozi Kariobangi South, chumba cha mabati chenye viti viwili na kioo kirefu. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikaa gizani. Kulipokucha, kwetu ilikuwa bado haijarudi, na Jumamosi ndiyo siku ninayotegemea kulipa kodi. Nikawasha jenereta yangu ndogo ya petroli, niliyozoea kuiweka mlangoni nyuma ya pazia isije ikaibiwa.

Kwenye saa nne ikaanza kukohoa. Mafuta yalikuwa yanaisha. Nilikuwa namnyoa mzee mmoja, upande wa kushoto umekwisha, wa kulia bado msitu, na benchi limejaa. Kijana wangu wa kazi akauliza, "Boss, nizime kwanza?" Nikamwambia aache tu ingurume, amimine polepole. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, sio mwake.

Alimimina kwa jerikeni ya lita tano iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, bila faneli. Petroli ikamwagika ubavuni mwa tangi, ikateremka hadi kwenye bomba la moshi. Hakukuwa na mlipuko wowote. Nilisikia tu fuuu, kama mtu anayepoza chai, kisha moto ukapanda pazia. Mzee akatoka mbio na shuka shingoni. Kijana aliruka nyuma na jerikeni yake, akaungua vinyweleo vya mkono tu, namshukuru Mungu. Mama Njeri wa saluni ya jirani akaja na ndoo ya maji. Fundi wa mjengo wa pembeni akampigia kelele: "Mama, usimwage! Utausambaza!" Petroli huelea juu ya maji, na mtaro wetu unapita mlangoni kwake. Yule fundi akaleta karai la mchanga, la pili, la tatu, mpaka moto ukafa.

Jioni Mama Njeri alinikalisha chini. Mwaka 2011 alikuwa akiishi Mukuru, petroli ilipovuja kutoka kwenye bomba kubwa kule Sinai na kuingia mtaroni. Moto wa tarehe 12 Septemba uliua watu zaidi ya 100. "Wewe unaangalia mafuta," akaniambia, "na moto unafuata harufu." Hapo ndipo nilipoelewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi ukutane na cheche, jiko au chuma cha moto, wakati wewe unadhani hujamwaga kitu.

Kuhamisha jenereta hakukuwa na shida. Sasa inakaa nje, kama mita sita kutoka mlangoni, chini ya kipaa cha mabati kisicho na kuta, imefungwa kwa mnyororo. Yale maumivu ya kichwa niliyokuwa nasingizia spiriti ya kunyolea yakaisha wiki hiyohiyo. Kumbe ulikuwa moshi, na ndani yake mna hewa ya sumu isiyo na harufu. Petroli inalala kwenye jerikeni maalum yenye kifuniko cha kukaza, nje, kivulini.

Kazi ilikuwa kusubiri. Jenereta ikizimwa inahitaji dakika 15 au 20 kupoa kabla ya kuongezwa mafuta, na mteja wa Nairobi hana dakika hizo. Nilijaribu kuwaeleza, wawili wakavuka barabara kwa mshindani wangu. Nilipona niliponunua mashine mbili za chaji. Tangi tunalijaza asubuhi injini ikiwa baridi, tukiacha nafasi ya kidole juu kwa sababu petroli huvimba ikipata joto. Yakiisha mchana, tunazima, tunafunga koki, mashine za chaji zinaendelea.

Na Mama Njeri tulikosana kidogo. Alikuwa amezoea kuchomeka draya yake kwangu. Mashine zangu za kunyoa hazitumii hata wati 20 kila moja, yake peke yake inakula zaidi ya 1,000. Siku moja nilishika ekstensheni iliyokuwa imeviringishwa chini ya benchi, ikawa moto kama chapati kutoka kikaangoni. Nikaichomoa, nikanunua waya mnene zaidi, tunauacha umenyooka. Draya nikakataa. Alininunia siku tatu.

Mtungi wa poda wa kuzimia moto umening'inia kando ya kioo, na nje pana karai la mchanga ambalo paka wa mtaa wamelifanya choo, kwa hiyo kijana huubadilisha kila Jumatatu.

Yule mzee alirudi jioni ileile, kofia kichwani, nikamalizia upande wa kulia bure. Bado ni mteja wangu. Stima ikipotea haketi mpaka atoke nje, azunguke jenereta, aguse tangi kwa kiganja, ndipo aseme, "Haya, nyoa."