Beseni la Baba Mdogo na Deni la Majirani Wawili

Baba mdogo ana beseni la enameli analoliweka chini ya kitanda, jeupe, limebabuka ukingoni, kitakoni lina muhuri wa Kichina. Alilinunua wakati akiwa kibarua wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Miaka yote nililiona ni beseni tu. Juzi ndipo nilipoelewa kwamba nalo ni kipande cha deni la taifa.

Mwaka 1970 China iliikopesha Tanzania na Zambia yuan milioni 988, bila riba, kujenga kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikuwa zimekataa. Lakini fedha za kulipa vibarua hazikuja taslimu. China ilileta bidhaa, zikauzwa madukani katika nchi zote mbili, na mauzo yakalipa gharama za humu ndani. Kwa hiyo baba mdogo alipokea mshahara uliotokana na mauzo yale, kisha akaenda dukani kununua beseni. Nilipomweleza alinyamaza kitambo, akaliinamia na kulipangusa.

Deni hilo nchi mbili ziligawana nusu kwa nusu. Ndiyo maana nashindwa kuacha kuzilinganisha: mkopeshaji mmoja, masharti yaleyale, reli ileile. Halafu tazama zilipofika.

Zote zilisamehewa madeni mengi, Tanzania mwaka 2001 na Zambia mwaka 2005. Zambia ikaanza upya ikiwa nyepesi, shaba ikiwa na bei nzuri, na wawekezaji wakaifuata wenyewe. Ikauza hatifungani za dola, yaani hati za kukopa kwa wawekezaji, mara tatu: milioni 750 mwaka 2012, bilioni moja mwaka 2014, bilioni 1.25 mwaka 2015. Juu yake ikaongeza mikopo mikubwa ya China ya barabara na umeme. Novemba 2020 ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Naiumia Zambia kama ndugu, maana hapo ndipo ilipogundua kwamba wanaoidai hawakai meza moja. Serikali zilizoikopesha, zikiongozwa na China na Ufaransa, zilikubali kupanga upya dola bilioni 6.3 Juni 2023. Wenye hatifungani walimalizana nayo mwaka mmoja baadaye. Muda wote huo hospitali na shule zilikuwa zikisubiri.

Sisi Watanzania deni letu la nje kwa sehemu kubwa tunadaiwa na taasisi kama Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, na hatukukopa kwa hatifungani za dola kwa kiasi kile. Sioni kwamba tulikuwa na busara kuliko wao. Soko la dunia halikutukimbilia hivyo, na tuliponea hapo. Siku hizi tunakopa benki za biashara kwa ajili ya reli mpya, na hiyo inaninyima usingizi kuliko China ya mwaka 1970.

Septemba 2024 marais wetu wawili walikuwa Beijing tena, wakishuhudia makubaliano ya kuifufua TAZARA. Baba mdogo alitazama habari hizo akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Akaniuliza, "Safari hii wanaleta fedha au wanaleta mabeseni?"

Nilimwambia safari hii kampuni ndiyo itakayoiendesha reli. Akataka kujua ni kwa miaka mingapi.