Haki ya bunduki ipo, sasa tuongee inalala wapi

Kila mtu akiingia shuleni au supamaketi hapa Marekani akaua watu kwa risasi, mjadala ni ule ule. Hawa wanasema bunduki zipigwe marufuku, wale wanasema ukigusa bunduki yangu umegusa uhuru wangu, wanarushiana maneno wiki mbili halafu kimya mpaka itokee tena. Mi siudharau huo mjadala, waliozika watoto baada ya shambulio la shule ya Uvalde, Texas, mwaka 2022 wana kila sababu ya kupiga kelele, ila naona unaruka mahali ambapo watu wengi zaidi wanafia, yaani ndani ya nyumba zao wenyewe.

Angalia hesabu za CDC, idara ya serikali ya Marekani ya kuzuia magonjwa. Mwaka 2023 risasi ziliua watu zaidi ya 46,000 nchi hii. Ukiuliza mtu njiani atakwambia hao ni magenge na majambazi, lakini zaidi ya nusu yao, kama 27,000 hivi, walijiua. Hao hawana kamera wala rais wa kuja kutoa pole, familia inazika kimya kimya na majirani wanaambiwa aliugua ghafla.

Sasa haki. Wengi wetu tuliohamia huku tunadhani hili jambo bado linabishaniwa, lakini kisheria lilishaamuliwa. Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale ya haki ya kumiliki silaha, yalipita 1791, na mwaka 2008 kwenye kesi ya Heller Mahakama ya Juu ikasema wazi kwamba mtu binafsi ana haki ya kuwa na bunduki nyumbani kwake kwa kujilinda. Ila watu wanasoma nusu tu ya hukumu ile. Aliyeiandika ni jaji Antonin Scalia, mhafidhina kweli kweli, na humo humo akaandika kwamba haki hii kama haki nyingine nyingi ina mipaka. Na hapa sikiliza vizuri: mahakama ilifuta sheria ya jiji la Washington iliyolazimisha bunduki ya nyumbani ikae imefunguliwa vipande au imefungwa kufuli muda wote, kwa sababu bunduki ya hivyo huwezi kujilinda nayo, lakini ikasema pia kwamba hii haimaanishi sheria za kutunza silaha ili kuzuia ajali ni batili. Baadaye 2022 kesi ya Bruen ikazibana serikali zaidi, kwamba sheria yoyote ya bunduki ilingane na historia ya nchi, halafu 2024 kesi ya Rahimi majaji 8 kwa 1 wakakubali kwamba mtu ambaye mahakama imemuona ni hatari kwa mwenzi wake anaweza kuzuiwa silaha. Kwa hiyo anayesema haki na usalama haviwezi kukaa pamoja, hata mahakama yenyewe haisemi hivyo.

Kinachoniuma ni muda tuliopoteza. Mwaka 1996 mbunge mmoja wa Arkansas, Jay Dickey, alipitisha kipengele kwamba pesa za CDC za kuzuia majeraha zisitumike kupigia debe udhibiti wa bunduki, na Bunge likakata dola milioni 2.6, kiasi kile kile kilichokuwa kinaenda kwenye utafiti wa bunduki. Kwa maneno yenyewe utafiti haukukatazwa, ila nani angethubutu? Watafiti wakahamia mambo mengine. Lakini Dickey na Mark Rosenberg, daktari aliyekuwa anaongoza kitengo cha CDC cha kuzuia majeraha, mahasimu wale, wakaja kuwa marafiki, na 2012 wakaandika makala pamoja kwenye Washington Post wakitaka utafiti urudi. Pesa zikarudi mwisho wa 2019, dola milioni 25. Miaka zaidi ya 20 hiyo! Fikiria nchi ingekaa miaka 20 bila kutaka kujua kwa nini magari yanaua, mikanda na mifuko ya hewa tungeipata wapi, na hakuna aliyenyang'anywa gari.

Na hiki ndicho nataka ndugu zangu wakielewe. Kwa watu wengi wazo la kujiua huja kama wimbi, linapanda halafu linashuka, na wengi sana wa walionusurika, kama 9 kati ya 10, hawaji kufa kwa kujiua baadaye. Shida ya bunduki ni kwamba karibu kila mara haitoi nafasi ya pili. Ndo maana umbali tu kati ya mtu na silaha unaokoa. Jeshi la Israel mwaka 2006 liliamua askari wakienda nyumbani wikendi waache silaha kambini, na vifo vya askari kujiua vikashuka kama asilimia 40. Hakuna aliyepoteza haki pale, ni silaha tu ililala kwingine.

Hata wenye maduka ya bunduki wanalijua hili. Kule New Hampshire, 2009, watu watatu walinunua bunduki duka moja na wote wakajiua ndani ya wiki moja. Mwenye duka hakukaa akasema mimi nauza tu, walikaa wauzaji na watu wa afya wakatengeneza vipeperushi na maelekezo ya kumtambua mteja aliye kwenye shida, na majimbo mengine yakaiga. Mi nawaamini hawa kuliko mwanasiasa yeyote.

Watoto nao. Tangu 2020 risasi ndo zinaongoza kuua watoto na vijana wa miaka 1 mpaka 19 Marekani, zimepita magari. Mzazi atakwambia nimeificha juu ya kabati, mtoto hajui. Anajua! Watafiti wamewahi kuuliza mzazi na mtoto kila mmoja peke yake, wakakuta baadhi ya watoto walishaishika bunduki ambayo mzazi anaapa hawajawahi kuigusa.

Najua jibu, ikifungiwa nitajilinda vipi usiku? Swali la haki kabisa, hasa kwa mwanamke anayetishiwa na mume wa zamani au mtu anayeishi mbali na polisi. Kuna sefu ndogo za kando ya kitanda zinafunguka kwa namba au kidole ndani ya sekunde chache, inamfungukia mwenyewe, haimfungukii mtoto.

Na kama nyumbani kuna mtu ameachwa, amefukuzwa kazi, hali chakula, halali usiku, anaongea habari za kuwa mzigo, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumtii wazo kichwani. Piga au andika meseji 988, namba ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, saa yoyote. Halafu bunduki iondoke kwa muda. Colorado na Maryland wana ramani za maduka na vituo vya polisi vinavyoweza kukutunzia, ila kabla ya kumkabidhi rafiki ulizia sheria ya jimbo lako, mengine yanataka mpokeaji akaguliwe kwanza.

Wenye bunduki mnaosoma hapa, niambieni yenu inakaa wapi na nani mwingine ana funguo. Sitabishana na mtu, nataka kujua kweli.