Hali shwari, hakuna tukio

Kwa siku 41 mfululizo kitabu cha makabidhiano ya zamu cha bloku yetu gerezani kilibeba maneno yaleyale manne: "Hali shwari, hakuna tukio." Niliyahesabu mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, usiku wa siku ambayo kijana mmoja mahabusu alipelekwa hospitali taya lake limevunjwa.

Kulikuwa na geti dogo linalotenga upande wa mahabusu na upande wa wafungwa. Kitasa chake kilikuwa kibovu. Ulimi haukuingia sawasawa mpaka uliinue geti kidogo kwa bega ndipo uzungushe ufunguo. Sisi wenyeji tulijua, na wakati wa kupokezana zamu tuliambiana kwa mdomo: "Geti dogo liinue." Askari aliyehamishiwa kwetu wiki ile hakuambiwa na mtu. Alizungusha ufunguo, akasikia mlio aliouzoea, akaondoka. Asubuhi, seli zilipofunguliwa watu wakaoge, wafungwa watatu walilisukuma geti likafunguka, wakamfuata yule kijana waliyekuwa na ugomvi naye wa huko nje.

Uchunguzi uliuliza swali moja tu: ufunguo ulikuwa mkononi mwa nani? Askari mgeni akapewa onyo la maandishi, akahamishwa tena. Kitabu hakuna aliyekifungua. Kati ya zile sahihi 41 zilizo chini ya neno "shwari", 11 ni zangu.

Nimetumikia magereza miaka 22, na sasa kazi yangu ni kuwafundisha viongozi wa zamu. Watu hudhani nawafundisha namna ya kutoa amri. Sehemu kubwa ya somo langu ni kile kitabu.

Kwa nini hatukuandika habari za kitasa? Nje ya ofisi ya mkuu kulikuwa na ubao. Kila mwezi kila bloku iliandikiwa idadi ya matukio yake. Yenye matukio machache ilisifiwa kwenye paredi, na yenye mengi kiongozi wake aliitwa kujieleza. Basi askari anayeandika "kitasa kibovu" alikuwa anamwongezea kiongozi wake mzigo na kujifungulia mashtaka mwenyewe: umekijua tangu lini, na ulichukua hatua gani? Hakuna aliyetuagiza tudanganye. Ubao ulitosha. Ukweli ukabaki mdomoni, na kitabuni ikabaki picha ya gereza ambalo halikuwepo.

Nilipopelekwa kusomea uongozi nilikutana na Max Weber, yule Mjerumani aliyeeleza kwamba ofisi ya kisasa inasimama juu ya ngazi za vyeo, kanuni na maandishi. Faili ndiyo kumbukumbu ya ofisi; mtu huondoka, faili hubaki. Nikaona hapo ndipo sisi tulipovunjikia. Kumbukumbu yetu ilikuwa vichwani mwa watu, na mtu anapohamishwa huondoka na kichwa chake.

Aliyenigusa zaidi ni Gresham Sykes, mwanasosholojia wa Kimarekani aliyechunguza maisha ya gereza la ulinzi mkali la Trenton, New Jersey, akatoa utafiti wake mwaka 1958. Kwa macho ya mtu wa nje, askari ana mamlaka yote na mfungwa hana kitu. Sykes aliona mambo mengine. Askari mmoja yuko na watu wengi mchana kutwa, hawezi kuwalazimisha kila jambo kwa nguvu, na wakubwa wake wanampima kwa utulivu wa bloku. Kwa hiyo utulivu anaununua. Anafumba jicho hapa, anamwachia nyapara, mfungwa anayesimamia wenzake, kazi yake pale, na kidogo kidogo funguo za kweli zinahamia upande wa pili. Askari wa aina hiyo si lazima awe mla rushwa. Wengi niliowajua walikuwa watu waaminifu waliochoka, ambao walijua kuwa wakiripoti ukweli watapewa lawama badala ya msaada.

Na ugonjwa huu si wa magereza peke yake. Polisi wa Uingereza na Wales waliishi miaka mingi chini ya malengo ya takwimu. Januari 2014 takwimu zao za uhalifu ziliondolewa hadhi ya takwimu rasmi za taifa kwa sababu hazikuaminika tena, na Novemba mwaka huohuo wakaguzi wa polisi wakakadiria kuwa asilimia 19 ya makosa ambayo raia waliripoti hayakuandikwa kama makosa. Karibu kosa moja katika kila matano. Sisemi malengo ndiyo sababu pekee. Lakini kila nikiisoma namba hiyo nauona ubao wetu. Namwona pia mtu aliyekusanya ujasiri akafika kaunta ya kituo, akaeleza aliyotendewa, akarudi nyumbani akiamini imeandikwa.

Nilipokuja kupewa bloku yangu mwenyewe, nilianza na makabidhiano. Zamani zamu inayotoka ilikuwa inavua kofia huku zamu inayoingia inasaini. Niliomba dakika 15 za zamu mbili kuwa pamoja, na zitumike kutembea. Anayetoka na anayeingia wanapita mlango kwa mlango, mkono juu ya kila kitasa, na kabla ya kusaini wanajibu maswali matatu: nani amebadilika tangu jana, kitu gani kimeharibika, na wewe ungekuwa unabaki usiku huu, ungeogopa nini? Swali la kwanza ndilo gumu kuliko yote. Mtu aliyezoea kuongea akanyamaza, aliyekuwa anapokea wageni asiitwe wiki mbili, aliyegawa vitu vyake kwa wenzake. Hakuna fomu yenye nafasi ya kuandika hayo, na ndiyo yanayotangulia mtu kujidhuru. Niliagiza yaandikwe kwa maneno ya kawaida: "Wa seli ya 6 hajaongea na mtu tangu ahukumiwe."

Niliwaambia pia askari wangu kwamba kosa lililoandikwa na aliyelifanya, siku hiyohiyo, mimi nitalibeba mbele ya mkuu. Hawakuniamini, na walikuwa na haki. Wiki ya tatu askari mmoja aliandika kwamba aliacha funguo mezani kwa muda wa kama dakika mbili. Bloku nzima ilikaa kusubiri nitafanya nini. Nilimwita, tukakaa tukatafuta sababu: simu ya ofisi ilikuwa mbali na ndoano ya funguo, na anayepokea simu hulazimika kuandika kwa mikono yote miwili. Tukahamisha ndoano. Kuanzia hapo kitabu kikaanza kujaa.

Ndipo nikaitwa. Matukio ya bloku yangu yalikuwa yamepanda mara nne, na mkuu akauliza kama nimeshindwa kazi. Nilikwenda na kitabu chenyewe, nikamsomea: vitasa, taa, ugomvi uliotulizwa kabla ya ngumi, mtu aliyewahiwa na daktari. Nilimwambia mambo haya yalikuwepo mwaka jana pia, tofauti ni kwamba sasa wewe unayajua. Alikaa kimya kitambo. Ubao haukuondolewa siku hiyo, lakini paredi iliyofuata hakuusoma.

Wakati huo sikuwa nimesikia habari za Amy Edmondson, ambaye miaka ya 1990 alichunguza timu za wauguzi hospitalini. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaonyesha makosa mengi zaidi, na alipofuatilia akakuta timu hizo hazikosei kuliko nyingine, ila zinathubutu kusema. Ningekuwa na utafiti huo mkononi siku ile nimesimama mbele ya mkuu, nisingetetemeka vile.

Kuna makabidhiano mengine ambayo kwa kweli hayanipi usingizi: ya mfungwa na uongozi. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinasema kila mfungwa apate nafasi kila siku ya kutoa ombi au lalamiko, na aweze kulitoa bila hofu ya kulipiziwa. Nimeona sanduku la malalamiko limetundikwa ukutani, limepakwa rangi nzuri, kufuli inang'aa. Nikauliza ufunguo anao nani. Alikuwa nao askari wa bloku hiyohiyo, mtu ambaye nusu ya malalamiko yangemhusu yeye. Ndani hamkuwa na karatasi hata moja, na kwenye ripoti ya mwezi ikaandikwa: malalamiko, sifuri. Shwari nyingine.

Gereza la Strangeways, Manchester, lililipuka kwa ghasia Aprili 1990, na wafungwa wakashikilia sehemu yake siku 25. Jaji Woolf alipotoa ripoti yake mwaka uliofuata alisema mambo matatu lazima yawe na uwiano: ulinzi, udhibiti na haki. Viongozi wengi wa zamu ninaokutana nao wamefundishwa mawili ya kwanza hadi wanayaota. Haki wanaichukulia kuwa kazi ya mahakama. Kwa mfungwa, haki ni kujibiwa, hata akijibiwa hapana, na kuambiwa sababu.

Darasani nina zoezi moja nalipenda. Nawapa karatasi tupu isiyo na jina, nawaambia: andika jambo unalomwambia mwenzako kwa mdomo wakati wa kukabidhi zamu, ambalo kitabuni hujawahi kuliandika. Wiki iliyopita nilikuwa na askari 23 wa kituo kimoja. Karatasi 22 zilikuwa na kitu. "Taa ya ujia wa nyuma huzimika mvua ikinyesha." "Nyapara wa stoo ana ufunguo, msimnyang'anye." "Wawili wa seli ya 3 wasitolewe pamoja." Moja ilisema: "Kengele ya seli ya 9 hailii, pita mwenyewe kila nusu saa." Na moja iliandikwa kwa herufi kubwa, nadhifu, HALI SHWARI.

Wakuu wawili wamekubali kuja Alhamisi wakae nyuma ya darasa, nizisome zote mbele yao. Ila kengele ya seli ya 9 sikuingojea Alhamisi. Nilimpigia mkuu wa kituo kile jioni ileile, na kabla ya kumwomba fundi nilimwomba jambo moja: asiulize ni nani aliyeandika.